MBU WA SINGIDA NI WA NANI?

Naandika kutoka Singida, mkoa wa kuku, alizeti na upepo. Najua nilipotea wiki tatu. Sikusafiri wala sikupata kazi nyingine kama baadhi yenu mlivyodhani. Ni malaria. Nilipowaambia wenzangu kazini walicheka. Malaria ya Singida? Wakadhani nimeileta kutoka Dar au kanda ya ziwa, maana mkoa wetu umo katika lile kundi la mikoa ya katikati na kaskazini ambalo vipimo vya kitaifa vinaonyesha maambukizi ni madogo sana. Sikuwa nimetoka nje ya mkoa kwa miezi mitatu. Na siku niliyorudi nyumbani na dawa yangu, mtoto wa jirani, wa miaka minne, alikuwa amelazwa kwa ugonjwa huohuo.

Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna shimo. Ni shimo la tofali. Kijana mmoja wa mtaani alianza kuchimba udongo pale miaka kadhaa iliyopita, watu wakajenga, mji ukasogea, shimo likapanuka hadi likawa na ukubwa wa darasa. Kiangazi watoto wanacheza mpira ndani yake. Mvua ikinyesha, kuanzia Desemba hadi Aprili, linajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ukichota kwa kikombe cheupe na kukitazama vizuri utaona viluwiluwi vinacheza. Nimefanya hivyo mwenyewe, ndiyo maana nasema.

Baada ya mtoto kulazwa wazazi wakaja juu. Wakataka shimo lifukiwe, na kijana wa tofali alipe. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao. Kijana akasimama, akasema maneno machache tu: nyumba karibu zote zinazomlalamikia zimejengwa kwa tofali zilizotoka humo, tena wengine hawajamalizia kumlipa. Watu wakanyamaza. Basi bwana, mimi nikaondoka pale na swali ambalo halikuniacha. Mbu huyu ni wa nani? Ni wa aliyechimba, wa aliyejenga, wa halmashauri, au wa serikali kuu? Nikaanza kusoma na kuuliza wazee. Nimegundua kwamba nchi hii imekuwa ikijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila kizazi kimekuwa na jibu lake.

Tuanze mbali kidogo. Agosti 1897 daktari wa jeshi la Uingereza, Ronald Ross, akiwa Secunderabad nchini India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Kwa muda mrefu wengi waliamini homa inatokana na hewa mbaya ya madimbwi. Ross aliondoka pale na jibu moja: ua mbu, ondoa maji yaliyotuama. Lakini Mjerumani Robert Koch, ambaye alifika Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1897, alikuwa na jibu lake tofauti. Koch alisema vimelea viko kwenye damu ya watu, kwa hiyo pima damu za watu wote, wape kwinini, basi mbu watabaki wanang'ata bure. Wajerumani wakalijaribu jibu hilo Dar es Salaam kuanzia 1901, wakazunguka nyumba kwa nyumba kuchukua damu vidoleni. Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyofikiri, watu wanahama, watu wanakataa kumeza dawa chungu wakati hawajisikii wagonjwa (hata leo jaribu kumpa mtu mzima dawa akiwa mzima uone).

Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na njia mbili, moja inasema tatizo ni maji, nyingine inasema tatizo ni mtu. Ya pili ilizaa kitu kibaya. Wakoloni wa Kiingereza kule Freetown, Sierra Leone, walijenga mwaka 1904 mtaa wa Wazungu juu ya mlima, Hill Station, ili mbu waliokunywa damu ya watoto wa Kiafrika wasiwafikie. Hapa kwetu miaka ya 1920 Dar es Salaam ikagawanywa kwa kanda, Uzunguni, Uhindini na Kariakoo ya Waafrika, na kati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo la wazi. Ndiyo Mnazi Mmoja hiyo unayopita kila siku ukienda mjini. Afya ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa. Kwa maneno mengine, mbu alikuwa wa Mwafrika, na suluhisho lilikuwa kumweka Mwafrika mbali ya upeo wa mbawa za mbu.

Wakati huohuo akazaliwa mtu ambaye wazee wetu hawamsahau: bwana afya. Alipita uani kwa watu, akachungulia mtungi, pipa na makopo, akikuta viluwiluwi mwenye nyumba anatozwa faini. Sikatai kwamba kazi yake ilisaidia. Lakini angalia jinsi mzigo ulivyogawanywa. Mitaro mizuri ilichimbwa kwanza walikokaa wakubwa, wengine wakapata mkaguzi na faini.

Na Singida je? Hapa katikati ya nchi serikali ya mkoloni haikuwa na haja kubwa na mbu. Mdudu wake mkubwa alikuwa mbung'o, kwa sababu anaua ng'ombe na kuhamisha watu. Utafiti wote mkubwa wa mbung'o uliwekwa jirani yetu, Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Watu walikatishwa misitu kwa maelfu ya ekari kupambana na mbung'o. Mbu aliachiwa bwana afya wa mjini na vituo vya reli kama Manyoni na Itigi. Reli yenyewe ilikuwa na mchango wake, maana tuta la reli linahitaji udongo, udongo unaacha mashimo, mashimo yanashika maji. Kumbe shimo la nyuma ya nyumba yetu lina ukoo mrefu!

Vita ya Pili ya Dunia ikaleta DDT. Mwanakemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, akapata Tuzo ya Nobel 1948. Ukiipaka ukutani inakaa miezi, mbu akishashiba damu anatua ukutani kupumzika, anakufa. Kwa mara ya kwanza huna haja ya kulitafuta kila dimbwi. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani likatangaza kampeni ya kuitokomeza malaria duniani kote... isipokuwa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, ambako ilionekana kazi ni kubwa mno! Sisi tukapata majaribio. Jaribio kubwa kwa upande wetu lilikuwa la Upare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, lililosimamiwa na taasisi ya malaria ya Amani kule Tanga. Kwa miaka ya 1955 hadi 1959 nyumba zilipuliziwa dieldrin, ndugu yake DDT. Aina moja ya mbu hatari ikatoweka karibu kabisa, homa zikapungua, vifo vya watoto wachanga vikapungua. Halafu mradi ukaisha, wapuliziaji wakafunga mabomba yao, na taratibu mbu wakarudi.

Zanzibar ilikuwa hivyohivyo, tena kwa uchungu zaidi. Upuliziaji wa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 uliteremsha maambukizi hadi chini ya asilimia 10. Mwaka 1968 programu ikasitishwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 maambukizi yalikuwa yamepita asilimia 50. Nimesoma habari hiyo mara mbili kuhakikisha sijakosea.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa sababu kuna jambo linalotuhusu sisi wa tembe. Wasiojua, tembe ni nyumba ya asili ya Wanyaturu na Wagogo, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, dirisha hakuna au ni tundu tu, na mara nyingi ndama na mbuzi wanalala humohumo. Watafiti wa viuatilifu Afrika Mashariki waligundua mapema kwamba udongo wa ukuta unafyonza dawa. DDT iliyokaa muda mrefu kwenye mbao, kwenye aina fulani za udongo mwekundu inazama ndani na nguvu inapotea haraka. Kwa hiyo dawa iliyopimwa kwenye ukuta wa aina moja inakuja kushindwa kwenye ukuta wa bibi yangu. Na kuna la pili: mbu wa nchi kavu kama hii, Anopheles arabiensis, haoni shida kunywa damu ya ng'ombe. Anaweza kumuuma mtu, akamuuma ndama, akalala nje bila hata kugusa ukuta uliopuliziwa. Tembe lenye mifugo ndani lilikuwa karaha kwa mtaalamu, lakini huenda ng'ombe wetu wamebeba meno ya mbu mengi ambayo yangetupata sisi. Sisemi turudi kulala na ndama, usinielewe vibaya.

Uhuru ukaja na jibu jipya kabisa, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania Dar es Salaam waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi ambayo sensa ya 1967 ilihesabu watu kama milioni 12.3 iliweka watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma, wakikutana kwa wiki 12, kila kikundi na redio, kitabu na kiongozi aliyepata mafunzo. Walijifunza malaria, minyoo ya safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Baada ya kipindi wanajadili, halafu wanakwenda kufanya.

Bibi yangu alikuwemo, huko Iramba. Anakumbuka redio ya betri iliyowekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, wanaume upande mmoja na akina mama na watoto wao upande mwingine, na mzee mmoja ambaye kila wiki aliuliza swali lilelile: kama mbu ndiye anayeleta homa, mbona yeye anaumwa na mbu kila siku na hana homa? Bibi anasema kiongozi wa kikundi hakuwa na jibu. Leo tunajua mtu aliyeumwa mara nyingi tangu utotoni hujenga kinga kiasi, kwa hiyo mzee hakuwa mjinga hata kidogo. Na swali lake linatuhusu mimi na mtoto wa jirani. Sisi tuliokulia kwenye malaria kidogo hatuna kinga hiyo, ikitupata inatukuta wageni.

Walipomaliza kusikiliza walifyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia makopo na vifuu, wakasawazisha vidimbwi. Wataalamu wa baadaye wamesema kufyeka majani hakupunguzi sana mbu wa malaria, kwa sababu anazaliwa kwenye maji na wala si kwenye nyasi. Kilichodumu zaidi kutokana na Mtu ni Afya ni vyoo, ambavyo vilichimbwa kwa wingi nchi nzima. Nilipomwambia bibi kwamba jasho lake la kufyeka halikuwa na faida kubwa kwa malaria alinitazama, akasema nyoka walipungua. Sikuwa na la kujibu.

Ukweli ni kwamba jibu la 1973 lilikuwa zuri kuliko la faini. Lilisema mbu ni wetu sote. Lakini mwaka uliofuata, 1974, Operesheni Vijiji ikaufikia mkoa wetu kwa nguvu, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kusogezwa pamoja. Nyumba mpya zikataka tofali, tofali zikataka udongo na maji, na mashimo yakachimbwa karibu na nyumba kwa sababu nyumba zenyewe zilikuwa karibu. Sijaona mahali ambapo mtu alikaa akapima jambo hili, kwa hiyo lichukueni kama wazo langu. Ila tembeeni vijiji vya zamani vya operesheni mhesabu mashimo.

Miaka ya 1980 na 1990 naipita haraka. Fedha zilikwisha, mitaro ikaziba. Kuanzia 1988 hadi 1996 Wajapani, kupitia shirika lao la JICA, walisaidia mradi wa kudhibiti malaria Dar es Salaam na Tanga, mitaro ikasafishwa na dawa ikapulizwa, mradi ukaisha na mengi yakaisha nao. Mwaka 2004 Dar es Salaam ikaanza tena kwa namna nyingine: kutumia wakazi wenyewe kukagua mazalia, wakichora ramani za mkono kwa kufuata nyumba kumi kumi za mabalozi, kila kiwanja kikijulikana. Machi 2006 wakaanza kumwaga dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi katika kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha maambukizi kwa watoto wadogo yalipungua kwa kiasi kikubwa. Mimi nilifurahi kusoma kwamba ule mfumo wa nyumba kumi, ambao watu wengi wanaukumbuka kwa kadi na mikutano, ulikuja kufaa kuwasaka mbu.

Sisi wa mikoani tulipata chandarua. Hati Punguzo kwa mama wajawazito kuanzia 2004, kisha ugawaji wa bure, watoto chini ya miaka mitano kwanza, halafu kila mahali pa kulala mwaka 2010 na 2011. Chandarua kimeokoa maisha kuliko kitu kingine chochote katika historia hii yote, hilo halina ubishi. Lakini kilibadilisha jibu tena bila watu kugundua. Mbu akawa wa kila mtu kitandani kwake. Shimo likasahaulika.

Na mbu wa Singida hawakuwa wa malaria peke yao. Mwaka 2007 nilikuwa darasa la nne. Mvua za mwisho wa 2006 zilikuwa kubwa isivyo kawaida, na Januari ikaja Homa ya Bonde la Ufa. Ilianzia upande wa Ngorongoro, ikashuka hadi mikoa mingi, Dodoma na Morogoro zikaumia zaidi, na sisi Singida tulikuwemo. Zaidi ya watu 100 walikufa nchini. Ng'ombe na kondoo walitupa mimba. Baba aliacha kununua nyama, mabucha yakawa na nzi bila wateja, na sisi watoto tukala maharage hadi tukachoka. Wengi waliambukizwa kwa kuchinja, kushika damu au kunywa maziwa mabichi, lakini chanzo kilikuwa mbu aina ya Aedes. Huyu hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji, mayai yanakaa kwenye udongo mkavu miaka na miaka yakisubiri mvua kubwa, na mengine yanaanguliwa tayari yana virusi. Nchi kavu haikulindi na mbu wa namna hiyo. Inamhifadhi tu.

Mwaka 2015 kikazinduliwa Kibaha kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Dawa ni bakteria, haimdhuru mtu wala ng'ombe. Juni 2017 Rais Magufuli alikitembelea, akakuta dawa ipo na wanunuzi hawapo, akaagiza halmashauri zote nchini ziichukue na kuitumia. Nadhani hakuna mfano mzuri kuliko huo. Dawa ipo, kiwanda kipo, mazalia yapo, lakini mpaka Rais aseme, kwa sababu kwenye bajeti ya kila mtu mbu alikuwa wa mwingine.

Sasa turudi kwenye shimo letu. Watu wengi hapa mjini wanayalaumu maziwa yetu, Singidani na Kindai. Wenzangu, maji yale ni ya chumvi, na mbu wa malaria wa bara anapenda maji baridi, yaliyotulia, yanayopigwa na jua: alama za kwato, matairi ya lori barabarani, mashimo ya tofali. Wengine wanaolalamika kwamba chandarua hakisaidii kwa sababu kelele usiku haziishi, hao wanaopiga kelele wengi ni Culex, mbu wa vyooni na maji machafu, wanaudhi lakini hawaambukizi malaria. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chengachenga za plastiki nyepesi ndani ya vyoo vya shimo, zikafunika maji, mbu wa vyooni wakapungua ajabu. Kila mbu na maji yake, na ukikosea maji unapoteza hela.

Kikao cha pili kilikuwa Jumapili iliyopita. Nilieleza kwa kifupi haya niliyowaandikia, wazee wakavumilia. Bwana afya wa kata alikuja (siku hizi tunasema afisa afya), akasema dawa ya viluwiluwi anaweza kuiombea halmashauri, ila haahidi lini. Kufukia shimo lote ni tripu nyingi za kifusi na hakuna mwenye hela hiyo. Mwisho tukakubaliana kuchimba mfereji upande wa chini ili maji yatoke kuelekea korongoni, kazi ya siku mbili ya watu ishirini. Kijana wa tofali amekubali kuleta majembe na kusimamia kwa sababu yeye ndiye anayejua shimo linavyoteremka, na wale wawili waliokuwa wanadaiwa wamemlipa palepale, mmoja pesa taslimu, mwingine kuku wawili.

Mtoto ametoka hospitali, anacheza. Tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi. Mama mwenye nyumba ameahidi uji, na mimi nimeandikwa zamu ya kwanza.